Kabla ya Adhana ya Magharibi

Mimi Gaudiosa nina hasira, na Mikumi nzima inajua. Kwa hiyo ukinisikia namsifu mtu, ujue mtu huyo ameniweza kwelikweli. Ninayemsifu leo ni Hildegarda, binti wa miaka ishirini na nane mwenye ofisi ndogo ya utalii pale barabara kuu, katikati ya duka la spea na kibanda cha chipsi. Kazi yake ya siku zote ni kupeleka wageni mbugani wakaone tembo. Mwaka huu, mwezi wa sita, akaniita, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki, akaniambia, "Anti Gaudi, nataka tuwapeleke Wahindi Mombasa."

"Kwani Wahindi hawaijui Mombasa mpaka uwapeleke wewe?"

Akacheka. Akanieleza kwamba ni wazee kumi na wanne wa Kilosa, Morogoro na Dodoma. Wanataka safari ya kufungiwa kila kitu: gari, shughuli za mpakani, hoteli, hekalu lao la kule, siku moja ya ufukweni, na mpishi wa kwenda nao, maana chakula cha hoteli hawakiamini. Mpishi ndiye mimi. Nimepikia watalii wa kila rangi kwa miaka ishirini na mitatu, nikaona hii ni kazi ya kumsukuma mlevi.

Lakini wazee wote walikuwa wanamtazama mmoja. Hansaben asipokwenda, hakuna anayekwenda.

Hansaben ana duka la vitambaa Kilosa, karibu na stesheni. Ana miaka sabini na tisa. Watu wa Kilosa wanamwamkia shikamoo, naye anaitika marahaba bila kuinua macho kwenye kitambaa anachopima. Alizaliwa Mombasa, akaletwa Kilosa bi harusi wa miaka ishirini, akamwacha kule mdogo wake wa kiume, Kanti. Kwao kuna siku moja, mwezi wa nane mwezi unapokuwa mpevu, dada anamfunga ndugu yake uzi mkononi na kumwombea uhai. Hansaben amekuwa akiutuma uzi huo kwa posta kila mwaka. Tangu mazishi ya mama yao, miaka thelathini na moja iliyopita, hawajaonana. Sasa Kanti haondoki kitandani bila kuinuliwa na watu wawili. Simu za kuonana uso kwa uso zipo, ndiyo, lakini uzi haufungwi kwa simu.

Aliyekuwa anakataa ni mwanawe, Jitesh, mfanyabiashara wa Morogoro. Na alikuwa na sababu yake. Mama ana kisukari. Miaka miwili nyuma walikwenda harusini Dodoma, basi likaharibika njiani, mama akapitisha chakula cha jioni, akaanguka mbele ya abiria. "Mombasa ni siku mbili barabarani," Jitesh alimwambia Hildegarda. "Mnionyeshe kwanza kwamba mama yangu atakula. La sivyo, uzi uende na posta."

Basi tukaenda Kilosa kumwonjesha Hansaben mapishi yangu. Jamani, siku ile nilipika! Najua Wahindi wengine hawali nyama, siyo mshamba mimi. Nikapika mchuzi wa viazi wenye vitunguu vilivyokaangwa vikawa rangi ya dhahabu, karoti, maharage ya nazi, na wali unaojitenga punje kwa punje. Nikaonja kila sufuria, tone kwenye kiganja, mara tatu tatu. Nikaandaa meza saa moja ya usiku, saa ambayo mtu mwenye heshima zake anamwandalia mgeni.

Hansaben akatazama sahani. Akaisukuma taratibu kwa vidole viwili. Hata maji hakugusa.

Sikiliza, mtu akisusa chakula changu ni sawa na kunizaba kofi. Nikakusanya sufuria zangu kwa kelele, vifuniko vinalia kama kengele za kanisani Pasaka. Nikatoka nje. "Kama anataka kupikiwa na malaika, aende kwa malaika!" nikasema, na nilisema kwa sauti, nilitaka asikie.

Hildegarda akabaki ndani. Nikarudi Mikumi peke yangu, yeye akalala Kilosa kwa Hansaben, na kesho yake akalala tena.

Siku ya tatu akaja na daftari. Alikuwa amekaa na yule mama tangu alfajiri hadi usiku, anaandika kila anachokula na saa anayokula. Akanisomea. Hansaben ni wa dini ya Kijaini. Dini yao haiui kitu kinachopumua, hata mdudu. Jua likishazama hali wala hanywi, asije akameza kidudu gizani. Na hali kitu kinachochimbwa ardhini, kwa sababu ukichimba kiazi umeuua mmea mzima pamoja na wadudu wa kwenye mizizi. Viazi, vitunguu, karoti, saumu: vyote hapana. Na chakula kilichoonjwa na mpishi kimeshakuwa makombo.

Nikahesabu makosa yangu. Nilikuwa nimeyafanya yote, na kwa ufundi mkubwa.

"Sasa mbona hakusema?" nikauliza.

"Alisema aliona umehangaika sana, hakutaka kukuaibisha."

Loo. Hapo nikakosa pa kuweka uso. Mimi niliyepayuka barazani kwake! Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Kilosa, nikaingia dukani, nikasema shikamoo, nikasema nisamehe mama yangu, mdomo wangu huu hauna breki.

"Marahaba," akasema. "Unajua kupika ndizi mbichi?"

"Mama, mimi ni Mhaya! Baba yangu aliletwa Kilosa na kazi ya reli, lakini ndizi hatukuziacha Bukoba."

"Basi kiazi cha nini? Kila penye kiazi, weka ndizi."

Wiki mbili nilikuwa mwanafunzi jikoni kwake. Kumbe badala ya kitunguu wanatia mvuje, ule ule wenye harufu kali ambao wengine huwafunga watoto wachanga mkononi. Ukiingia kwenye samli ya moto unageuka kitu kingine kabisa. Kilichonitoa jasho ni kupika bila kuonja. Alinifunga macho kwa kitambaa cha dukani, akanipimisha chumvi kwa vidole vitatu, tena na tena, mpaka vidole vikajua. Nikikosea ananipiga mkono. Siku moja nilimkuta anaandika bahasha, jina la Kanti na sanduku lake la posta, stempu ameshabandika, uzi mwekundu uko pembeni.

"Mama, si tunakwenda?"

"Nikikatazwa, iwe tayari," akasema, akaitia kwenye mkoba.

Nilirudi kukata ndizi, na macho yananiwasha, na siyo mvuje.

Wakati huo Hildegarda alikuwa anapanga safari. Nimewaona wapangaji wengi wa safari, wa ofisi zenye viyoyozi, lakini hili sijaliona kwa mwingine. Wengine hupanga kwa kilomita. Yeye alipanga kwa jua. Alimwita Hussein, dereva wa Koasta, akamwambia, "Kaka Hussein, nyinyi msikitini si mnajua magharibi inaingia saa ngapi?"

"Kwa dakika," Hussein akajibu kwa maringo. "Unataka ya wapi?"

"Ya kila mahali mpaka Mombasa."

Hussein akamletea kalenda ya swala ya Kilosa, akawapigia jamaa zake wa Tanga na Mombasa, wakampigia picha kalenda za misikiti yao. Binti wa Kikatoliki akazitandaza mezani, akazisoma kuliko shehe. Ndipo akagundua kitu ambacho mimi katika umri wangu wote sikuwahi kukiwaza: ukielekea pwani, jua linakutoroka. Tanga linazama dakika kadhaa kabla ya Kilosa. "Mtu akipanga kwa saa ya Kilosa," akasema, "Tanga Hansaben analala na njaa." Akapanga vituo, kila kituo mtu anayemjua, mahali pa kuteremsha jiko, maji, kivuli, na choo cha wazee. Na katikati ya vituo akaandika vituo vingine vya dharura. Nilimwambia, "Wewe mtoto, ungezaliwa zamani ungepanga reli." Akaona haya.

Halafu akamwambia Jitesh, "Tufanye safari ya majaribio. Kilosa mpaka Mikumi. Uje na kipimo chako cha sukari."

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba. Tuliondoka Kilosa saa tisa na nusu. Ndani ya gari: Hansaben na sari yake ya kijani, Jitesh na uso wa mahakamani, Hildegarda na daftari, Hussein, na mimi na jiko langu la gesi. Chakula kingekuwa Mikumi, saa kumi na moja na nusu, kwangu. Hussein akaanza utani kwamba leo Hansaben anapelekwa Ulaya bila viza, maana kata ya Ulaya iko katikati ya njia. Hata mama akacheka.

Kabla hatujafika Ulaya tukakuta lori la mahindi limekatika ekseli juu ya kalavati, limeziba njia yote. Upande huu pikipiki, upande ule ng'ombe, katikati watu wanapiga kelele. Tukangoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la pale lilikuwa la mgonjwa wa sukari. Ikafika saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Hansaben akaanza kufuta jasho kwenye mdomo wa juu. Jitesh aliliona kabla yetu wote.

"Mnaona?" akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hii ni njia ya Mikumi tu. Mpakani itakuwaje? Mama, tumejaribu. Basi."

Hansaben akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

Nilijaa hasira, nilitaka kumrukia mtu, lori, ng'ombe, yeyote. Hildegarda akafungua daftari. "Kaka Jitesh, leo jua linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Tuna dakika arobaini na moja. Kituo cha dharura namba moja ni mita mia mbili nyuma, nyumba yenye bati jipya, kwa mama Debora. Anatujua, nimeshampigia simu, kisima kiko uani. Kaka Hussein, geuza. Anti Gaudi, dakika ngapi?"

"Ishirini na tano," nikasema. Nilidanganya. Nilihitaji thelathini na tano.

Sijawahi kupika vile. Mama Debora alikuwa ameshafagia uwanja na kutandika mkeka. Nikamenya ndizi nimepiga magoti, samli ikaingia, mvuje, bizari nyembamba, unga wa dengu, mtindi. Hussein akakinga upepo kwa mgongo wake. Chapati nikasukuma juu ya kifuniko cha ndoo. Kisha mkono wangu, huu wa miaka ishirini na mitatu, ukachota kwa mwiko, wenyewe tu, ukadondosha tone kwenye kiganja. Nikakiona kiganja kinakuja mdomoni. Jitesh ananitazama. Hansaben ananitazama. Nikakifuta kwenye kanga, nikafumba macho, nikachukua chumvi kwa vidole vitatu.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili nikaweka sahani mbele yake, nikapiga goti. Jua lilikuwa limekaa juu ya vilima, jekundu, halina haraka tena.

Hansaben akamega chapati. Akatafuna. Watu wote uwanjani, hata watoto wa mama Debora, tukawa tunatafuna naye bila chakula.

"Chumvi imepungua," akasema.

Nikanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi.

Akamega tena. Na tena. Akafuta sahani kwa kipande cha mwisho, akaomba nyingine, akaimaliza, akanywa maji bilauri mbili. Alipoweka bilauri chini, adhana ya magharibi ikasikika kutoka Ulaya. Hussein akanong'ona, "Kwa dakika!" akaenda kutawadha kisimani.

Jitesh akatoa kipimo, akamchoma mama yake kidole. Akasubiri, akasoma: sukari iko sawa. Akasoma tena, kama mtu asiyeamini barua yake mwenyewe. Kisha akakaa kwenye mkeka na suruali yake ya pasi, akamuuliza Hildegarda, "Hilo daftari lako, vituo vya dharura viko vingapi mpaka Mombasa?"

"Kumi na moja, kaka. Na mpakani viwili."

Akainamisha kichwa. "Mama," akasema, "kesho tukatafute picha zako za pasipoti."

Hansaben hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, bila aibu, mbele ya ng'ombe. Yeye alifungua mkoba, akatoa ile bahasha, akaichana upande mmoja kwa uangalifu, akauvuta uzi mwekundu na kuufunga kwenye pindo la sari. Bahasha tupu akanipa mimi.

"Itupe, Gaudi."

Sikuitupa. Tulikwenda, Kanti akafungwa uzi wake, tulirudi, na Hansaben alikula kila jioni kabla ya adhana. Bahasha ninayo ukutani jikoni, juu ya kopo la chumvi, na stempu zake mpaka leo hazijagongwa muhuri.