Mkwaruzo kwenye Mtutu

Jumanne, tarehe kumi na tisa Juni. Ukungu ulikuwa mzito tangu alfajiri, upepo hakuna. Katika karakana ya silaha, fundi alikuwa ameibana risasi iliyotumika kwenye kipimo chake, akiisoma kwa mara ya tatu.

"Pungufu kidogo ya milimita nane."

"Si walisema ni ile kubwa?" aliuliza seremala, aliyeichimbua asubuhi hiyo kwenye nguzo ya mlango wa kibanda cha ulinzi, pale alipouawa mdogo wake fundi. "Ile nene kama kidole gumba?"

Ndivyo ripoti ya miezi minane iliyopita ilivyosema: kijana huyo aliuawa na mdunguaji wa adui kutoka mlimani, mita elfu moja na mia nne. Risasi kubwa hufika umbali huo ikiwa bado na nguvu zake. Hii ndogo ingefika imechoka; isingetoboa kofia ya chuma kisha ikazama urefu wa kidole kizima kwenye mbao ngumu. Ilipigwa kwa karibu. Ilitoka upande wao.

Akaigeuza chini ya lenzi. Ubavuni ilikuwa na mkwaruzo mmoja, umepinda kama ukucha. Ni mtutu mmoja tu kambini wenye kovu hilo. Mwenye bunduki hiyo aliusafisha kwa fimbo ya chuma akiisukuma kutoka mdomoni mwa mtutu, hata baada ya kukatazwa mara mia.

Ulikuwa mtutu wa Jicho, mdunguaji wao, aliyetangulia mbele kubeba jeneza siku ya mazishi.

Kwa miezi minane fundi aliomba kila alfajiri: "Mungu, nionyeshe mkono uliomuua." Kisha alikaa akipima baruti chembe kwa chembe, amtengenezee Jicho risasi za kulipiza kisasi.

Jicho aliingia akipiga mluzi, macho kwenye bunduki yake iliyolazwa mezani. "Fundi wangu, mtoto wangu amelalaje?"

"Huyu iko siku ataiandikia bunduki barua ya mapenzi," alitania mtunza stoo, aliyekuwa akihesabu maboksi pembeni.

Fundi hakucheka. Alifungua kiganja. "Siku ile kulikuwa na ukungu kama huu?"

Jicho aliitazama risasi.

"Kaka, niliona kivuli. Mita mia tatu. Nikadhani ni adui..."

"Ukadhani. Halafu ukabeba jeneza."

"Mkubwa wa kambi aliniambia ninyamaze."

"Na mama yangu akakushika mkono, akakuombea baraka."

Mkono wa fundi uligusa boksi la risasi alizozipima mwenyewe, ukakaa hapo kwa muda. Seremala alirudi nyuma hatua moja. Kisha fundi akaivuta bunduki ya Jicho, akachomoa bolti yake, komeo la chuma ambalo bila hilo haipigi, akaitia mfukoni mwa shati.

"Nyinyi wawili nisikilizeni," aliwaambia seremala na mtunza stoo, "na Mungu anasikia. Sitamwaga damu yake. Jumapili atasimama mbele ya mama na risasi hii mkononi, aseme kwa mdomo wake. Baada ya hapo, nitamfuata kila aendako, mpaka kila aliyemshangilia ajue alimpiga nani. Naahidi."