Bwawa Lililopandishwa Daraja

Mkaguzi wa mabwawa alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyeachana na mti wake wa kupimia hata watu wakambandika jina la Mama Rula. Asubuhi ile aligonga muhuri barua iliyolipandisha bwawa la kilimani kutoka "hatari ndogo" hadi "hatari kubwa". Ukuta ulikuwa uleule wa udongo, umejengwa zamani za babu zao. Kilichobadilika ni bondeni: palipokuwa na nyasi tupu sasa palikuwa na nyumba thelathini na moja na chekechea. Barua iliagiza maji yashushwe nusu, kisha ukuta uchunguzwe.

Nakala ilikuwa imekwisha kumfikia mlinzi wa bwawa pale mlango wa ofisi ulipopigwa teke. Aliingia shemeji wa Mama Rula, mume wa mdogo wake, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wakulima wa umwagiliaji, na wapambe wawili nyuma yake.

"Shemeji, futa hilo neno. Mahindi yamebakiza mwezi. Ukishusha maji umetuzika."

"Ukuta ukikatika tutazika watoto."

"Miaka yote hiyo haujakatika!"

"Hata marehemu alikuwa mzima mpaka siku aliyokufa."

Mpambe mmoja aliponyokwa na kicheko. Shemeji hakucheka. Aliukamata mkono wa kulia wa Mama Rula, akautia kwenye droo, akaisukuma kwa goti. Vidole vilivunjika kama kuni kavu. Mama Rula akatapika juu ya mafaili.

"Andika 'ndogo'."

"Kwa mkono upi, mwendawazimu wewe?"

Ngumi ikamwangusha chini. Wakaichana barua, na mmoja akasema, "Twendeni bwawani, kule kuna nakala."

Mama Rula alivifunga vidole kwa kitambaa, akamwambia tarishi akamwite mdogo wake, mwalimu wa chekechea, aje bwawani, kisha akapanda bodaboda kuwafuata.

Juu ya ukuta aliwakuta wakimpiga mlinzi, mtu wa taratibu aliyeitwa Kobe. Kobe alikuwa amekumbatia gurudumu lenye kutu la vali ya kufungulia maji, haliachi.

"Nina barua," alikuwa akirudia. "Nina barua, jamani."

Mpini wa jembe ulitua usoni, na jicho lake la kulia likapasuka. Mama Rula alizungusha mti wake kwa mkono wa kushoto, akamtoa mpambe meno ya mbele. Wa pili akatimua mbio. Lakini shemeji alimkaba kutoka nyuma, akamburuta hadi ukingoni, akamzamisha kichwa. Maji yakamjaa puani. Alimkwaruza mikono hadi damu, na nguvu zikaanza kumwisha.

Ghafla mikono ile ikalegea. Mdogo wake alikuwa amesimama na sepetu ya Kobe, anahema, viatu vimemtoka njiani.

"Ni dada yangu huyo!"

Mumewe aligeuka ili aseme kitu. Mke akampiga tena, safari hii kwenye taya; likavunjika, naye akaanguka.

Hakuna aliyelia. Kobe, kipofu kwa damu, alielekeza kwa sauti, na wale ndugu wawili wakalivuta gurudumu kwa mikono mitatu. Liligoma, likaguna, likazunguka. Maji yakaanza kunguruma bombani.

Siku ya tatu yalipopungua, kando ya bomba kuukuu lilionekana pango la mtu mzima kuingia na kutoka. Ukuta ulikuwa umeliwa kwa ndani kama jino. Hata hivyo mahindi yalikauka, na njaa haina shukrani: wapo waliosema Mama Rula alilichimba mwenyewe. Kobe alipoteza lile jicho. Shemeji alifungwa miaka saba.

Mdogo mtu alihamia kwa dada yake. Kila siku ya kutembelea wafungwa aliamka mapema, akaponda viazi na kuvilainisha kwa maziwa.

"Bado unampelekea chakula?" Mama Rula alimuuliza siku moja.

"Kutafuna hawezi," alijibu, akifunika bakuli. "Na aliyemvunja ni mimi."

Mama Rula akamfungulia mlango.