Sabufa Iliyoelekea Ukutani

Kaka mtu alikuwa fundi redio, na mtaa mzima ulimwita Spika, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeng'ang'ania nyumba igawanywe. Mdogo wake, mwoka mikate wa zamu ya usiku, alimwambia, "Kaka, nyumba yenyewe hii hii, tutagawana nini?" Lakini Spika alikuwa ameshakaza shingo. Mwashi akaitwa, ukuta ukaanza kupanda katikati ya sebule, ukapita pale pale marehemu alipokuwa akiweka kiti chake.

 Masikio ya mama yao yalikuwa yameshakufa karibu yote. Alikaa kwenye kigoda akiwatazama mpaka matofali yalipofika magotini, kisha akainuka, akashika gauni, akavuka kwenda upande wa mdogo. Mkwe wake, mke wa mdogo, akamfuata na godoro. Spika alibaki amesimama na ndoo ya maji mkononi. Upande wake alikuwa ameshapaka rangi chumba cha mama na kutandika kitanda.

Hilo ndilo lililomkaa rohoni. Alijua kule kuna mkwe wa kumtazama na wajukuu wa kumchekesha. Alijua pia kwamba hata wasingekuwepo, mama angevuka vile vile. Tangu utotoni, mdogo akikohoa mama alikuwa hafumbi jicho. Spika akikohoa aliambiwa akanywe maji.

Kwenye banda lake la kazi kulikuwa na spika moja kubwa ya besi ya gari, ambayo mteja alihama mji bila kuifuata. Spika aliibadilishia koili iliyoungua, akaijaribu chini ya meza, meza ikatembea. Ndipo wazo likamjia, na likamjia tayari limekamilika, kana kwamba alikuwa akilisubiri.

Alinunua plaiwudi nzito ya kutengenezea boksi la sabufa, spika ya besi, na kuikata uani kwa msumeno wa umeme, akipima mara mbili kila ubao. Alipaka gundi kwenye kingo, akakaza skrubu karibu karibu, akalibana boksi kwa kamba na kuliwekea mawe juu mpaka gundi iliposhika. Ndani aliweka vigongo vya kukaza pembe ili mbao zisitetemeke zenyewe. Kila kiungo alikipitishia silikoni, akaisawazisha kwa kidole alichochovya kwenye maji ya sabuni. Palipobaki mwanya alipaziba kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Hata kitundu cha waya hakukisahau. Alichana mpira wa baiskeli, akautandika duara chini ya spika kabla ya kuikaza, kisha akawasha dawa ya mbu na kupitisha moshi wake taratibu kwenye viungo, akitafuta panapovuja hewa, huku besi ikigonga. Mahali pamoja, pembeni chini, moshi ulirukaruka. Akafungua, akaziba upya, akafunga. Safari hii moshi ulipanda wima. Aliposukuma koni, ule uso wa spika, kwa vidole, ilirudi polepole, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa. Akatabasamu. Hakuwahi kufanya kazi safi kama ile, na hakuna mteja aliyemwagiza.

Alilisukuma boksi mpaka sebuleni, akaligeuza uso likaelekea ukutani, upande wa mdogo. Asubuhi mdogo wake aliporudi kutoka kazini na kujitupa kitandani, Spika akawasha.

Vyombo vya shemeji yake vililia kabatini. Plasta ya ukuta ilidondosha vumbi. Spika alikaa akisubiri kugongewa mlango kwa hasira, na maneno ya kujibu alikuwa nayo. Aliyegonga alikuwa mama. Alikuwa amezunguka kwa nje, taratibu, mkono ukutani, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia upande ule.

"Nimeusikia," alisema, akijigusa kifuani. "Hapa. Muda mrefu sijasikia muziki, mwanangu."

Aliliendea boksi, akaweka kiganja juu yake, akafumba macho. Kichwa kikaanza kufuata mapigo.

"Umenitengenezea mimi?"

Spika aliitikia kwa kichwa. Kichwa chenyewe kilikuwa kizito.

Ikawa kila asubuhi mama anakuja. Spika alimwekea kiti, akamchagulia nyimbo za ujana wake, na kwa muda ule aliona raha ambayo hakuwahi kuionja katika nyumba ile. Lakini mama alipoondoka, hakuzima. Aliongeza.

Mwisho mdogo akaja, macho mekundu, unga bado uko kwenye nyusi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nakuomba asubuhi upunguze kidogo. Jioni piga utakavyo, sina neno. Silali, kaka."

"Kila mtu na kwake," Spika alisema bila kuinua kichwa kwenye redio aliyokuwa akiifungua. "Kwangu napiga."

"Mama anasema umemtengenezea yeye."

"Ndiyo."

Mdogo alilitazama boksi. "Sasa kama ni la mama, mbona limeelekea ukutani?"

Spika aliinamia redio yake, na mdogo akatoka.

Haikupita muda, mdogo alisinzia mbele ya tanuri. Alipolegea, mkono wake uliegemea mlango wa chuma, ukaungua kuanzia kiganja hadi kiwiko. Spika alizisikia habari kwa mteja. Alizima sabufa, akavaa shati safi, akazunguka kwa nje kwenda kumjulia hali. Shemeji yake alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Amelala, shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo kwanza apate usingizi."

Mwenye kiwanda cha mikate aliweka mtu mwingine mahali pake. Shemeji akaamua wahamie kwa ndugu zake, mji mwingine, mpaka mume apone. Siku gari lilipokuja kubeba vitu, mama alikuwa amekaa mbele, karibu na dereva. Shemeji alikuwa ameshamweleza yote, akimpigia kelele sikioni.

Spika alisogea dirishani. Mama alimgeukia.

"Nilidhani ni langu," alisema.

"Ni lako, mama."

Hakusikia. Spika akarudia kwa nguvu zake zote, "Ni lako, mama," majirani wakageuka wote wakasikia uongo wake. Mdogo, mkono umefungwa bandeji, alipanda nyuma kwenye mizigo bila kumtazama. Gari likaondoka.

Miezi ilipita ndipo Spika alipopata moyo wa kupiga simu. Alipokea shemeji.

"Mama hasikii kwenye simu, unajua."

"Muulize tu. Nataka kuja kumwona."

Alimsikia shemeji akipaza sauti kule, akirudia swali mara kadhaa. Kisha sauti ya mama kwa mbali, maneno hayashikiki.

"Anasemaje?"

"Anasema mkono wa mwanawe unaendelea vizuri. Vidole vinaanza kukunjika."

"Na mimi?"

"Hakusema zaidi ya hapo, shemeji. Nimemuuliza vizuri."