Dakika za Kapita

Mbwa wa Mama Félicité aliitwa Kapita, kwa kuwa aliwabwekea wapita njia kama kapita, msimamizi wa shamba la pamba. Asubuhi ile ya Aprili 1964 hakubweka. Alikuwa amemeza kichwa cha samaki na ndoana ndani yake, na ndoana ilikuwa imemkwama kooni.

Damien aliwapokea kwenye mlango wa kituo cha mifugo cha Uvira. Mbwa alijaribu kumng'ata hata Mama Félicité, kwa hiyo Damien akafanya alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja: akamwacha mwenye mbwa mlangoni, akamfunga mbwa uani, akamchoma sindano ya kutuliza chini ya ngozi, akatazama saa, akaenda kumwambia daktari.

Dokta Candide, Mhaiti aliyeletwa nchini Wabelgiji walipoondoka, alikuwa anafunga sanduku lake. Waasi walikuwa wameshafika karibu na Sange, na kamio, yaani lori, ya kumvusha hadi Bujumbura ingekuja kabla ya adhuhuri. Kilichobaki ni kumkabidhi mtu ufunguo wa kabati la dawa, na pamoja nao kituo chenyewe. Damien alikuwa ameusubiri ufunguo ule tangu uhuru.

"Ule mbwa musimuchome ya kutuliza," Dokta alisema kabla Damien hajafungua mdomo. "Imebaki chupa mbili tu. Ezechiel atamushika."

Ezechiel tena! Kijana huyu alishuka kutoka milima ya Rurambo miezi minane tu iliyopita, akinuka maziwa, na tangu siku hiyo jina lake ndilo lililoitwa kwanza. Damien alitaka kusema kwamba ameshamchoma, lakini alipogeuka akamwona Ezechiel ameshachuchumaa uani. Alikuwa amemwekea Kapita kiganja kwenye shingo, anamwimbia taratibu wimbo ambao kwao huimbiwa ng'ombe mkali wakati wa kukamuliwa. Na Kapita, ambaye dawa ilikuwa imeanza kumwingia, aliinamisha kichwa, macho yakawa mazito.

"Muone!" Dokta alicheka. "Huyu muntu iko na dawa mu mikono."

"Kwetu hata fahali linasikia, Dokta," Ezechiel alisema kwa haya.

"Eh, Damien, muzee wangu," Mama Félicité akatania, "weye unatuliza kwa sindano, mwenzako anatuliza kwa mudomo. Jifunze kuimba!"

Wote wakacheka. Neno lililokuwa kwenye ulimi wa Damien likarudi chini, likakaa huko kama ndoana ya Kapita.

Walimlaza mbwa mezani. Dokta akamtia dawa ya usingizi kwenye mshipa, kisha ile ya kulegeza misuli, ili taya na koo viachie. Dawa hiyo hailazi mtu. Inalegeza kila msuli, hata wa kupumua. Ndiyo maana Dokta aliingiza mrija kwenye bomba la hewa, na Ezechiel akaanza kuminya mpira wa kumpumulisha. Ndoana ikatoka mara moja. Kilichobaki kilikuwa kungoja Kapita apumue mwenyewe.

Mfukoni Damien alikuwa na daftari. Hakuna aliyemfundisha kuliandika. Tangu kituo kianze kutumia dawa ya kulegeza alikuwa ameandika mbwa kumi na wanne, kila mmoja kwenye mstari wake: uzito, dawa, dakika alizokaa bila kupumua mwenyewe. Mbwa ambao hawakutulizwa walipumua wenyewe baada ya dakika ishirini hivi. Waliotulizwa kwanza walifika thelathini na tano, mmoja arobaini. Hakujua sababu. Alijua dakika tu.

Dakika ya ishirini ilipita. Ya ishirini na tano. Dokta akamfunua mbwa jicho. Nje kamio ikapiga honi.

"Mikono yako imechoka, Ezechiel."

"Hapana, Dokta."

"Moyo unapiga, lakini ubongo umekwisha. Alikosa hewa muda mrefu kabla ya kufika. Acha."

Mama Félicité akajifunika uso kwa kitenge. Ezechiel alikuwa analia huku anaminya. Damien alimtazama. Lawama, alijua, ingekuwa ya Ezechiel: mbwa aliyekufa mikononi mwake, siku ya ufunguo. Yeye angehitaji tu kuendelea kunyamaza.

Honi ikalia tena. Ezechiel akaachia mpira.

"Minya!" Damien alisema, na sauti yake ikamshtua mwenyewe. Alimsukuma kando, akaushika mpira. "Hajafa. Nilimuchoma ya kutuliza, kabla Dokta hajakataza. Anabakisha dakika kumi."

Aliminya, akahesabu. Dakika ya thelathini na saba tumbo la Kapita lilitikisika, kisha likapanda lenyewe.

Damien alimpa Dokta daftari, naye akalisoma amesimama, huku dereva anamwita. "Na hii ilikuwa mu mufuko wako," alisema polepole. "Ufunguo ungekuwa wa mwenye hili daftari. Lakini leo daftari lilinyamaza." Akamrudishia, akaweka ufunguo mkononi mwa Ezechiel, akapanda kamio.

Damien alijua ni haki. Hata hivyo ilimuuma.

Ezechiel hakuutazama ufunguo. Alikaa chini kando ya meza, mkono kwenye shingo ya mbwa.

"Kaka Damien. Basi ule wimbo haukusaidia hata kidogo?"

Jibu lilikuwa tayari, tamu, la neno moja. Damien alifungua daftari ili alithibitishe kwa mistari yake. Akatafuta juu, akatafuta chini.

"Sijui," alisema mwishowe, kwa shida. "Sijaupima."

Akachukua rula, akachora safu mpya pembeni ya ukurasa, na juu yake akaandika: *wimbo*.