Dirisha la Mzee Beno

Mzee Beno alifariki wiki ileile ambayo vijana wa Jukwaa la Uani walikuwa wamejiandaa kumcheka hadharani. Hapo ndipo Severa alipoamini kwamba Mpare kama yeye, mpenda kesi, anaweza kufanya lolote ili asishindwe. Severa ni Mchaga wa Kibosho aliyezaliwa Kariakoo, na Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo aliwaza hivyo bila dhambi yoyote. Kisha akaenda nyuma ya jukwaa, akakaa juu ya ngoma ya Mudi, akalia.

Jukwaa la Uani ni kikundi cha michezo ya kuigiza, na jina lake halidanganyi. Kipo uani kweli, katikati ya nyumba kuukuu nyuma ya Mtaa wa Narung'ombe, mahali ambapo mchana wapagazi hupumzikia na jioni hupangwa viti vya plastiki. Kila mwaka kina msimu wa michezo minne. Mitatu ni ya wakubwa. Wa nne ni wa vijana: waandike wenyewe, waongoze wenyewe, wacheze wenyewe, na wakiharibu waharibu wenyewe. Najma aliyekianzisha hakubali kubadilisha utaratibu huo. Husema kuogelea hakufundishwi kwenye beseni, na chini ya mikono yake wauza mikoba na mafundi simu wamegeuka waigizaji wa kulipwa.

Ng'ambo ya uchochoro lilikuwa ghorofa la Mzee Beno. Chini, duka la maturubai. Juu, nyumbani kwake. Na huko juu, dirisha moja linalotazama uani. Kwa misimu yote ya kikundi, Mzee Beno hakuwahi kushuka kununua tiketi. Alitazama kila mchezo kutoka dirishani, amejibanza nyuma ya pazia, na hadhira nzima ikiiona kofia yake ya pama. Aibu hakuwa nayo. Mwigizaji akinong'ona, mzee alitoa kichwa nje na kupiga kelele, "Sauti! Huku hatusikii!" Ungedhani kalipia kiti cha mbele na soda juu yake.

Mtu kama huyo ukikaa naye jirani usipomwandikia mchezo, kalamu yako ina kasoro. Vijana wakaandika *Duka Halifungwi*, kisa cha mfanyabiashara mkaidi asiyefunga duka hata siku ya harusi ya binti yake. Severa ndiye aliyepewa kumcheza mzee. Tangu mvua za masika zianze alikuwa akimchungulia dukani: anavyotembea kaweka mikono mgongoni, anavyokwaruza turubai kwa ukucha kumwonyesha mteja uimara wake, anavyokohoa mtu akitaja neno punguzo.

Mzee alijua. Kariakoo siri haina pa kulala. Siku moja alimwita Severa akipita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe Mchaga, nasikia unanicheza."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa faida gani?"

"Hakuna faida. Napenda tu."

Mzee Beno akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Mchaga anafanya kazi bila faida! Basi mmekwisha nyinyi." Lakini alipokwisha kucheka alisema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. "Siku mkifungua, nitashuka. Niwekee kiti cha mbele kabisa, nikuaibishe vizuri."

Halafu presha ikampanda, akapelekwa hospitali kule Upanga, na hakurudi.

Najma aliwakusanya vijana uani. Ng'ambo, turubai la msiba lilikuwa limeshafungwa kuziba uchochoro wote, tena turubai jipya, la daraja la kwanza.

"Tunafuta mchezo," alisema Najma. "Ngoma haipigwi penye msiba. Na huyu tunayemcheka ndiye wanayemlilia. Kila mtu mtaani atamjua."

"Da Najma," alisema Mudi, mpiga ngoma, "si wanasafirisha mwili Jumamosi mchana kwenda kuzikwa kwao Same? Sisi tunaanza jioni, watakuwa washasepa. Noma iko wapi?"

"Turubai likiwa juu, msiba upo. Wengine wanabaki kulinda nyumba."

"Tusogeze mbele basi."

Hapo Najma alitazama chini. Baada ya Jumamosi, mwenye nyumba alikuwa ameukodisha ua huo kwa sherehe za harusi mpaka mwaka uishe. Kusogeza mbele maana yake ni kuuzika mchezo, na baadhi ya vijana mwakani watakuwa wamevuka umri. Severa alikuwa mmoja wao. Huu ndio ulikuwa mchezo wake wa kwanza kuwa kinara, na kwa kikundi hicho ungekuwa wa mwisho. Moyo ulimuuma, lakini hakubishana.

"Na familia ikiruhusu?" aliuliza.

"Nani ataenda kuwauliza? Mimi uso huo sina."

"Mimi ninao."

"Wewe nani kwao?"

"Mtani."

Najma ni Mzaramo. Baba yake alipokufa, watani zao Wanyamwezi walijilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka watolewe kwa heshima zao. Aliijua haki ya mtani kwamba hainyimwi. Alijua pia bei yake. Mtani akichekesha, msiba unapoa na wafiwa wanapumua. Akishindwa kuchekesha, anabaki mtu asiye na adabu aliyekuja kuvuruga mazishi, na aibu hiyo haimpati peke yake, inampata mama yake, duka la familia yake na ukoo mzima.

"Ukiharibu," alisema Najma polepole, "siwezi kukuokoa."

"Sitaharibu," alisema Severa, na alimaanisha.

Jumamosi mwili uliletwa nyumbani kwa kuagwa. Ibada ikasomwa, watu wakapita mstari mmoja mmoja. Wachaga wa Kariakoo walikuwepo tele, lakini watani gani wale! Walikuja na suti za kijivu, wakatoa rambirambi kwa mikono miwili, wakakaa kimya kama wako benki. Vijana wa Kipare wakalibeba jeneza kuelekea kwenye basi.

Mlango wa basi ulikuwa umezibwa. Severa alikuwa ametandika kipande cha turubai chini na kukaa juu yake, amevaa koti la kahawia na kofia ya pama, mikono mgongoni.

"Basi haliondoki!" alisema. "Huyu ana ahadi na mimi. Alisema atashuka leo akae kiti cha mbele. Sasa anatoroka kwenda Same! Mpare, hata kufa kwako ni ujanja?"

Mama yake Severa, aliyekaa na wanawake, alijifunika uso kwa khanga. Mpwa mmoja wa marehemu aliacha kushika jeneza, akamjia Severa kwa hasira, mkono tayari. Severa aliona kabisa namna ambavyo angebururwa mbele ya mtaa mzima.

"Muache!" Sauti ilitoka chini ya turubai la msiba, ya kike lakini nzito. Alikuwa Shangazi Sofia, dada wa marehemu, aliyekaa kwenye kiti na fimbo yake kwa ajili ya miguu mibovu. "Huyo mtani. Nilidhani Wachaga wote wamekufa kabla ya kaka yangu."

Mpwa akarudi nyuma. Severa akavuta pumzi, akasimama, akageuka Mzee Beno. Alizunguka turubai lake taratibu. Aliliinamia, akalikwaruza kwa ukucha, *kwaru kwaru*, akainua kichwa kumtazama dereva wa basi.

"Hili halipitishi mvua. Halipitishi jua. Halipitishi hata mtu wa kukopa."

Mwanamke mmoja alicheka kwa pua, akaziba mdomo. Mwingine akashindwa kuziba. Severa akakohoa kile kikohozi cha punguzo, na kicheko kikatambaa mpaka kwa wale wa suti, ambao sasa walikuwa wakitazamana kwa wivu.

Ndipo mjane, Mama Hillary, aliponyanyuka. Watu wakampisha. Alikuja mpaka mbele ya Severa, macho mekundu, akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Siyo hivyo," alisema.

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Kikohozi siyo hivyo. Wewe unakohoa mara moja. Yeye alikohoa mara mbili. Cha kwanza cha kifua, cha pili cha kukataa. Katikati anamtazama mtu. Rudia."

Severa akarudia. Akakohoa cha kifua. Akamtazama mjane moja kwa moja machoni. Akakohoa cha kukataa.

Mama Hillary alicheka. Alicheka kwa sauti, mkono kifuani, mpaka kicheko kikageuka kilio, akamshika Severa mabega na wote wawili wakalia pale mlangoni pa basi, huku waliobeba jeneza wakisubiri na hakuna aliyewaharakisha.

"Sasa sema unachotaka," alisema mjane akijifuta. "Mchaga hazibi njia bure."

"Jioni tupige ngoma, mama. Tucheze mchezo wetu. Tumcheke."

"Nilijua tu." Mama Hillary aliitazama ile kofia ya pama, akainyoosha vizuri kichwani mwa Severa. "Pigeni. Msipomcheka vizuri, nikirudi tutaonana baraza la kata. Na viti muweke. Waliobaki watashuka."

Severa akakunja turubai lake. Basi likaondoka.

Jioni, uani palijaa hadi kwenye ngazi. Habari za mlangoni pa basi zilikuwa zimeshazunguka soko lote, na wale Wachaga wa suti walinunua tiketi mapema kuliko watu wote. Mstari wa mbele, Najma aliuacha wazi kwa ajili ya wafiwa. Muda wa kuanza ulifika, ukapita. Viti havikupata mtu. Severa alichungulia akaona, na ukweli ni kwamba alivunjika moyo. Alijiambia msiba ni msiba, hata mtani hawezi kuwashusha watu kutoka kwenye huzuni yao.

Najma akatoa ishara. Mudi akapiga ngoma, mara ya kwanza tangu turubai lifungwe ng'ambo. Severa akatokea na koti lake, mikono mgongoni, akafika katikati ya jukwaa na kuanza. Lakini maneno ya kwanza yalitoka madogo, membamba, ya mtu anayetazama kiti kitupu.

"Sauti! Huku hatusikii!"

Uani pote paligeuza shingo. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Shangazi Sofia alikuwa amekaa katikati kama malkia, fimbo mkononi, na nyuma yake vichwa vya Wapare vimejazana, wakubwa kwa wadogo, wametulia, hakuna hata mmoja aliyekusudia kushuka.

Severa akakitazama kile kiti cha mbele, kisha akainua uso kuelekea dirishani. Alikohoa cha kwanza, cha kifua. Akawatazama wote, mmoja mmoja, bila haraka. Akakohoa cha pili.

Halafu akaanza upya, kwa sauti ya kufika ghorofani.