Mguu wa Baba na Kompyuta ya Gari

Baba yangu aliendesha malori mpaka alipostaafu, na kama kuna kitu ambacho hajawahi kukitilia shaka hapa duniani, ni mguu wake wa kulia. Kwa hiyo siku aliponiambia, ameketi kitandani na kiatu mkononi, "Mwanangu, mguu umenisaliti," nilijua jambo hili ni zito.

Mambo yalianza gari lilipotoka gereji. Fundi wetu, tunayemwita Polepole kwa sababu hata chai huinywa kana kwamba anaihurumia, alikuwa amesafisha sehemu ya injini inakopitia hewa, akaweka betri mpya, kisha akafuta kumbukumbu za kompyuta ya gari ili ijifunze upya. Alitueleza vizuri tu. Injini ikishasafishwa, hewa huingia nyingi kuliko ile iliyozoewa na kompyuta, kwa hiyo gari huachwa lingurume lenyewe bila kukanyagiwa mafuta, halafu liendeshwe siku kadhaa mpaka lizoee.

Pale gereji lilinguruma kama paka aliyeshiba. Kesho yake Baba akampakia Mama kumpeleka kliniki. Mama amepooza upande mmoja, na hayo mazoezi ya kliniki ndiyo yanayomfanya aweze kusimama. Kila Baba aliposimama kwenye taa, gari lilitetemeka, likazima. Nyuma honi tupu. Dereva mmoja akatoa kichwa dirishani: "Mzee, nenda kalale!"

Baba akalirudisha gereji. Polepole akafuta tena kumbukumbu, akaliacha lingurume, akalizungusha mitaani, wala halikuzima hata mara moja. Asubuhi iliyofuata, mikononi mwa Baba, likazima. Wakarudia tena, mambo yakawa yale yale.

Hapo ndipo kaka yangu mkubwa, mtu wa kutoa hukumu kabla hajavua viatu, akasema, "Fundi akiendesha halizimi, Baba akiendesha linazima. Sasa hapo mbovu ni gari?"

Nilimjibu maneno yaliyomfanya Mama anitake nimwombe radhi, na sikumwomba. Lakini ukweli ni kwamba sikuwa na hoja ya kumpinga, na hilo ndilo lililoniuma. Kaka akatafuta mnunuzi, mnunuzi akaahidi kuja Jumamosi mchana. Baba hakubisha. Mtu ambaye hubishana hata na redio! Niliogopa. Niliona kwamba gari likiondoka, Baba naye ataondoka, hata kama atakuwa bado yupo kitini sebuleni.

Ijumaa jioni nikaenda kuwaona. Nilimkuta Baba uani, boneti liko juu, ameshika spana.

"Unatengeneza nini, Baba?"

"Sitengenezi kitu. Natoa waya wa betri."

"Wa nini?"

Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hufunga milango. "Betri mpya hii. Enzi za malori, gari likilala tunatoa waya, betri isinyonywe usiku. Kitunze kikutunze."

"Umetoa leo tu?"

"Kila jioni, tangu iwekwe. Mimi si mtu wa kuharibu vitu."

Waliosema mazoea yana taabu walimjua baba yangu. Mimi injini siijui, lakini kuna kitu kilinigonga kichwani. Nikampigia Polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mtu yule akaongea mbio.

"Anatoa nini? Mwambie aache! Waya ukitoka, kompyuta inasahau kila kitu nilichoifundisha! Mimi nafundisha mchana, yeye anafuta jioni, asubuhi gari linaamka halijui kitu!" Kisha akajilaumu mwenyewe. "Na mimi nisimuulize mzee wa watu gari analilazaje. Nakuja."

Alikuja kukiwa bado kweupe. Akakaza waya, akazima taa na feni, akawasha injini, akamkataza Baba kugusa chochote. Baba alisimama pembeni na mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa sukari. Injini ilianza kwa kukohoa, ikapanda, ikashuka, mwisho ikatulia.

"Usiku huu usiiguse betri, mzee wangu," Polepole akasema. "Nakuomba."

"Na ikinyonywa?"

"Ikinyonywa nitakuja kukubeba mgongoni."

Asubuhi nilikaa na Baba garini. Taa za kwanza zikawa nyekundu, Baba akakanyaga breki, mlio wa injini ukashuka, ukashuka tena. Haikuzima. Taa za pili, haikuzima. Tukafika kwenye kilima cha kuelekea sokoni, foleni imesimama, magari yamebanana mbele na nyuma, na injini ikaendelea kunguruma taratibu kana kwamba haijawahi kumwaibisha mtu.

Baba akajipiga paja la kulia kwa kiganja. "Ni wangu," akasema. "Mguu bado ni wangu."

Nililia, sifichi. Nililia kwa furaha na kwa hasira ya siku zote zile tulizomwacha aamini kwamba ameisha.

"Futa machozi umpigie kaka yako," akasema. "Mwambie mnunuzi asihangaike. Na umwambie kwa adabu."

"Kwa adabu siwezi."

"Basi nitampigia mwenyewe." Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. Tulipofika juu akageuza gari kuelekea tulikotoka, akaliegesha pembeni. "Shuka."

"Baba! Kutoka hapa mpaka nyumbani ni mbali."

"Una miguu?"

"Ninayo."

"Basi itumie. Namfuata mama yako peke yangu, nataka nimzungushe mjini mpaka achoke, na hicho kiti ulichokalia ni chake."

Nikashuka. Sijawahi kufukuzwa garini nikafurahi namna ile.