Mchango wa Kumsitiri Dada

Dada alikaa kwenye kochi la kaka yake, kochi la ngozi ambalo bado lilikuwa na nailoni ya dukani, kila akijisogeza linalia kama bata. Kaka alikuwa anajitapa kuhusu gari jipya. Gari la mkopo, kochi la mkopo, hata hiyo televisheni iliyofunika nusu ya ukuta nayo ya mkopo! Mtu ana mshahara mmoja na wadai kila kona, dada akajisemea, halafu anatembea kifua mbele. Ebo!

Yeye mwenyewe alikuwa mkadiriaji wa hatari kwenye kampuni ya bima. Mshahara wake ulikuwa mnono, ulizidi wa kaka na wa wifi ukiijumlisha. Lakini ndugu walichojua ni kwamba "yuko bima huko, anapiga mahesabu," naye hakujisumbua kuwasahihisha. Alikaa vyumba viwili na jiko, alivaa viatu mpaka fundi akatae kuvishona, na chakula cha mchana alikibeba kwenye kopo la majarini. Kila mwezi nusu ya mshahara ilikwenda kulala benki kabla hajaigusa. Wakimwita mkono wa birika, alicheka kimoyomoyo. Watu wa kununua sifa hao, waache waumbuke.

Jambo moja tu lilimnyima usingizi: baba. Tangu mama afariki, mzee aliishi peke yake na macho yake yalikuwa yanafifia. Kila dada alipomwomba ahamie kwake, jibu lilikuwa "bado kwanza, mwanangu." Chumba cha pili alishamwandalia, bafuni akamwekea mpaka vyuma vya kushikia. Leo ndugu wote wamekutana, na alikuwa ameapa hatoki hapo bila baba yake.

Wifi akapiga makofi. "Jamani, tusikilizane! Wifi yangu, usione haya, sisi ni damu moja. Hali yako tumeiona."

"Hali yangu ipi?"

"Si unajua tena. Viatu hivyo. Kila siku kupanda basi. Sasa tumechanga kidogo, ujisitiri." Akamkabidhi bahasha nene.

Loo! Dada nusura aangue kicheko. Hawa? Hawa waliokatiwa umeme juzi tu, ndio wa kumsitiri yeye? Alitamani atoe simu awaonyeshe salio lake mmoja mmoja, aone nyuso zinavyowashuka. Alijua wanavyoona raha. Mtu wa majivuno hanenepi kwa chakula, hunenepa akipata wa kumhurumia. Akanyanyuka na bahasha yake mkononi, bila hata asante.

Alimkuta baba kibarazani, amekaa peke yake.

"Baba, umeusikia upuuzi huu? Mwanao na mkewe madeni yamewafika puani, eti wananichangia mimi!"

Mzee hakucheka. "Usiwatukane wenzio. Wao wametoa kidogo tu. Nyingi ni zangu."

"Zako? Umezitoa wapi?"

"Nimeuza cherehani ya mama yako. Ilikuwa imekaa tu."

Dada akaitazama ile bahasha.

"Ndiyo maana sikutaka kuhamia kwako," baba akaendelea kwa sauti ya chini, wa ndani wasisikie. "Kila nikija nakukuta unajinyima. Chai kavu, taa moja nyumba nzima. Nikasema, nikiongezeka mimi, huyu mtoto si atalala njaa?"

"Baba, mimi nina pesa. Wallahi nina pesa, kuliko wote waliomo humo ndani!"

Mzee akatabasamu, vilevile alivyokuwa akimtabasamia utotoni binti alipokuwa na homa kali huku aking'ang'ania kwamba haumwi. Akapapasa mpaka akaupata mkoba wa binti yake, akaichukua ile bahasha mkononi mwake, akaitumbukiza ndani, akaufunga zipu.

"Najua, mwanangu," akamwambia. "Najua. Wewe chukua tu."